Fundi wa diski ajifunze kwa mtunza masjala

Kazi nyingi za ofisi na shule siku hizi zimo ndani ya diski ngumu za kompyuta. Orodha za mishahara, alama za wanafunzi, ramani za viwanja na barua za miaka mingi huhifadhiwa humo. Diski inapokufa ghafla, hutafutwa fundi wa kuokoa data, na kila mtu huuliza swali moja tu: je, data zitapatikana? Liko swali la pili ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ndilo linaloamua jibu la lile la kwanza: je, fundi amechukua nakala ya programu dhibiti ya diski hiyo kabla ya kuigusa, na nakala hiyo ameiweka wapi?

Yafaa kwanza ieleweke programu dhibiti ni kitu gani. Diski ngumu si sahani za sumaku tu. Inayo programu yake yenyewe, inayoongoza mzunguko wa sahani na mwendo wa vichwa vya kusomea. Sehemu ya programu hiyo hukaa katika chipu iliyo juu ya bodi ya umeme ya diski. Sehemu iliyo kubwa zaidi huandikwa juu ya sahani zenyewe, katika eneo ambalo mtumiaji halioni. Humo mna orodha ya madoa yaliyogunduliwa kiwandani, orodha ya madoa yaliyojitokeza baadaye, vipimo vya kila kichwa, na mfasiri, yaani moduli inayoonyesha kila kipande cha data kiko mahali gani hasa juu ya sahani.

Vipimo hivyo huchukuliwa kiwandani kwa kila diski peke yake. Diski mbili za aina moja, hata zikitoka kiwandani siku moja, hazilingani vipimo. Ndiyo maana kwa diski nyingi za siku hizi, kuweka bodi ya diski nyingine mahali pa bodi iliyoungua hakufai kitu mpaka yaliyomo katika chipu ya zamani yahamishiwe kwenye bodi mpya. Nakala ya programu dhibiti, basi, si kitu cha kununuliwa dukani wala cha kuombwa kwa jirani. Ikipotea, imepotea.

Hatari ya kuandika upya programu dhibiti bila hadhari ilidhihirika wazi mwishoni mwa mwaka 2008 na mwanzoni mwa 2009. Diski za Seagate za aina ya Barracuda 7200.11 zilianza kugoma. Ziliwashwa, zikazunguka, lakini hazikuitika kwa kompyuta. Data zilikuwa salama juu ya sahani. Kasoro ilikuwa katika programu dhibiti. Januari 2009 kampuni ilikiri kasoro hiyo na kutoa marekebisho, lakini toleo la kwanza lilizizima baadhi ya diski zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, ikabidi liondolewe. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe aliweza kuteleza, fundi wa mtaani hana sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Hata hivyo, wako mafundi wanaoanza kuandika kabla ya kusoma. Wako pia wanaochukua nakala lakini wakaitupa katika kompyuta ya kazi, katika jalada lililoitwa "mpya" au "mpya ya pili", na baada ya wiki moja hakuna ajuaye nakala ile ni ya diski ipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala isiyo na jina haina tofauti kubwa na nakala ambayo haikuchukuliwa.

Mtunza masjala ameijua dawa ya jambo hili kwa miaka mingi: kila jalada lina namba yake, mahali pake na tarehe yake. Nakala ya programu dhibiti nayo ipewe jina lenye aina ya diski, namba yake ya utambulisho, toleo la programu, tarehe na saa ya kusomwa. Chipu isomwe mara mbili na nakala mbili zilinganishwe. Nakala ya kwanza ifungwe isiandikwe tena kamwe. Kila badiliko lizae nakala mpya. Watengenezaji wengi huweka programu hii mara mbili juu ya nyuso tofauti za sahani za diski moja. Fundi naye aweke nakala zake katika vyombo viwili, na kimoja kikae nje ya karakana.

Tarehe hasa isidharauliwe. Zipo diski za siku hizi ambazo njia zake za kuandikia hulaliana kama vigae vya paa. Katika diski hizo mfasiri wa pili hubadilika kila data zinapohamishwa. Nakala ya Jumatatu ikirudishwa juu ya kazi ya Ijumaa, diski huonyesha utupu mahali palipokuwa na data.

Jambo jingine ni kutenganisha ghala mbili. Ghala ya kwanza ni ya moduli za diski nzima, zilizopangwa kwa aina na toleo, ambazo fundi huazima baadhi yake anapotibu. Ghala ya pili ni ya nakala za diski za wateja. Ghala hizi zikichanganyika, vipimo vya diski moja vitaandikwa juu ya nyingine, na ugonjwa uliokuwa ukitibika utageuka kifo.

Watakuwapo wanaosema kwamba utaratibu huu ni mzigo na kwamba nafasi ya kuhifadhia ina gharama. Hoja hiyo haina nguvu. Nakala ya programu dhibiti ni ndogo sana ikilinganishwa na ukubwa wa diski yenyewe, na kuisoma huchukua muda mfupi. Lililo zito zaidi ni usiri. Katika baadhi ya diski zinazofumba data, ufunguo wa kufumbulia huwamo katika eneo hilo hilo lililofichika. Nakala ya namna hiyo ni ufunguo wa sanduku la mtu. Itunzwe chini ya kufuli, na mteja akishathibitisha kwamba data zake zimerudi kamili, iteketezwe kwa makubaliano na kwa maandishi.

Wakuu wa ofisi na walimu wakuu hawana budi kulichukua jambo hili kuwa lao, wasiwaachie mafundi peke yao. Kabla ya kukabidhi diski, na waulize itasomwaje, nakala itawekwa wapi, kwa jina gani na kwa muda gani. Fundi anayeijua kazi yake atajibu pasipo kusita. Asiye na jibu asikabidhiwe kumbukumbu za umma.