Ladha ya Mchuzi Yatoka Wapi?

Jumapili moja tulikula sombe nyumbani kwa ndugu yetu. Mama mkwe wake, anayesumbuliwa na shinikizo la damu, alikuwa ameagizwa na daktari apunguze chumvi. Kweli binti yake aliificha chupa ya chumvi, lakini chunguni alitia kube tatu. «Humo hamna chumvi, Mwalimu,» alituambia kwa moyo mweupe.

Hakusema uongo, hakujua tu. Ukisoma karatasi ya kube, mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza kuandikwa, maana yapita vingine vyote kwa uzito. Nalo Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyomo katika mkate na makayabu.

Lakini mama akiacha kube, watoto wasukuma sahani. Basi tutafute ladha yenyewe. Mwaka 1908, huko Tokyo, Kikunae Ikeda, mwalimu wa kemia, alichunguza mchuzi wa mwani akapata glutamati, ambayo leo hutiwa katika kube. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alipata inosinati katika samaki mkavu. Vitu hivi viwili vikikutana chunguni, ladha yapanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Glutamati imo katika nyanya zilizoiva na uyoga mkavu. Inosinati imo katika samaki. Kumbe bibi zetu wa kando ya Tanganyika, waliopika ndakala kwa nyanya, walijua kemia bila kukaa shuleni!

Twaa ndakala wakavu wasiotiwa chumvi, uwakaushe katika sufuria bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha uwatwange wawe unga. Uweke katika chupa kavu yenye kifuniko. Siku ya kupika, kaanga kitunguu polepole katika mawese, tia nyanya nne zilizoiva sana, ungoje mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Hapo wengi huharibu kwa haraka yao. Ndipo utie vijiko viwili vya unga wa ndakala, umimine vyote katika sombe iliyokwisha kuiva vema. Chumvi iingie mwisho, tena kwa kijiko, si kwa mkono. Iwe yenye iodi, kwa maana uvimbe wa shingo si hadithi katika nchi yetu. Ndakala wakiwa ghali, uyoga mkavu unaojulikana wafaa. Karanga nazo hunenepesha mchuzi, ila hazifanyi kazi hiyo.

Yule dada amekwisha kupika hivi majuma kadhaa. Mama yake ameomba kuongezwa sombe. Watoto wangali wanadai kube kila Jumapili, naye huwakatia nusu, katika chungu chao.