Jicho Jekundu Si Ushahidi

Kwa miaka mingi, katika mkoa wa Shinyanga na mikoa jirani, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mtoto hufa kwa homa, jamaa huenda kwa mpiga ramli, naye humtaja bibi kizee wa jirani. Macho yake yakisha kutazamwa, shauri limekwisha.

Yafaa watumishi wa umma na walimu, kuanzia Ibadakuli hadi Geita, waulize jambo ambalo mpiga ramli hakuliuliza: macho hayo yamekuwa mekundu kwa sababu gani? Jibu limo jikoni. Misitu ya Usukuma ilifyekwa, kwanza enzi za Mwingereza ili kuangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba na malisho. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya pamba. Aliyepuliza moto huo miaka hamsini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani? Wekundu ni tokeo la moshi, haukuua mtoto. Tena malaria huua watoto hata pale ambapo hapana kikongwe wa kusingiziwa, na hilo peke yake lingetosha kumnyamazisha mpiga ramli.

Lakini kosa hili si la mpiga ramli pekee. Mauaji ya vikongwe yalipochunguzwa mwaka 1976 katika Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa waliteswa, na wengine wakafia mahabusu. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa kubeba dhamana ya maovu ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Ungamo linalotolewa chini ya kipigo ni tokeo la kipigo. Halisemi lolote juu ya aliyeua. Hapo wasomi nao walikuwa wamepiga ramli, ila kwa rungu.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuwa wa vikongwe. Hata hivyo ulirudisha ngitili na miti, na kuni zikasogea karibu na nyumba.

Taarifa za mauaji bado huandikwa "chanzo ni imani za kishirikina", kana kwamba maneno hayo yamekwisha kueleza jambo. Nani alirithi shamba la marehemu? Mtoto alipougua, zahanati ilikuwa umbali gani, na dawa ilikuwapo?