Picha ya Kifua na Hesabu ya Pumzi

Mzee akishikwa na homa na kikohozi kule Lumuma, katika milima ya Kilosa wanakolima vitunguu, watoto wake walio kazini Morogoro na Dar es Salaam hutuma nauli na agizo moja tu: apelekwe akapigwe picha ya kifua. Agizo hilo ni jema, lakini halitoshi, na pengine huchelewesha jambo la haraka zaidi.

Mapafu yenye afya yamejaa hewa, nayo mionzi ya eksirei hupenya hewa kwa urahisi. Ndiyo maana huonekana meusi katika picha. Virusi vikiyashambulia, viwe vya mafua makali au vya UVIKO-19 ulioingia nchini Machi 2020, vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na mahali hapo huonekana peupe. Mwanzoni weupe huo ni hafifu, mfano wa kioo kilichopulizwa pumzi. Katika UVIKO-19 mara nyingi hukaa pande zote mbili, pembeni na chini. Ugonjwa ukizidi, ukungu huo hupanda, huungana na kuwa mzito hata mishipa ya damu isionekane tena. Madaktari wa Brescia, Italia, walioelemewa na wagonjwa mwaka 2020, waliyagawa mapafu sehemu sita, na kila sehemu wakaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 18. Waliopata alama nyingi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Hata hivyo picha ina hila zake. Siku za kwanza yaweza kutoka safi ilhali mgonjwa anazidiwa. Na akishapona, weupe waweza kubaki majuma kadhaa. Wala haiwezi kutaja jina la kirusi. Kifua kikuu nacho huacha alama zake, mara nyingi sehemu ya juu ya mapafu. Wale wenye mazoea ya kuinua picha dirishani na kuitangazia familia habari njema, heri wamwachie mtaalamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapotuma nauli, mwombe aliye karibu na mzee ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtu mzima anayevuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika yumo hatarini. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi ni nyingi. Na yule ambaye kifua chini ya mbavu hubonyea ndani kila avutapo pumzi, asisubiri hesabu. Kifaa kidogo cha kubana kidole kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 90, kinachotakiwa kwanza ni oksijeni, picha itafuata.

Na kama ipo picha yake ya zamani sandukuni, hasa ikiwa aliwahi kuugua kifua kikuu, aichukue aende nayo, kovu la miaka 10 iliyopita lisije likahesabiwa kuwa ugonjwa wa leo.