Afghanistan: Kwa nini mvua inayoombwa hugeuka msiba wa machipuko

Ijumaa ya Mei 10, 2024 iliwakuta wakulima wa mkoa wa Baghlan, kaskazini mwa Afghanistan, katika majira ambayo huyasubiri mwaka mzima. Baada ya miaka mitatu mfululizo ya ukame, mvua ilikuwa imerejea, ngano ilikuwa imesimama mashambani na malisho yalikuwa yamechipua vilimani. Kabla ya siku hiyo kumalizika, maji yaliyojaa tope na mawe yaliporomoka kutoka milimani na kufagia makazi ya watu, hasa katika wilaya za Burka na Baghlan-e-Jadid. Katika siku za mwanzo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kuwa zaidi ya watu 300 walikuwa wamepoteza maisha na zaidi ya nyumba 1,000 zilikuwa zimebomoka. Barabara ziliharibika kiasi kwamba sehemu ya chakula cha msaada ilibidi ibebwe kwa punda. Wiki moja baadaye, mafuriko mengine yaliukumba mkoa wa Ghor, magharibi mwa nchi, na kuua makumi ya watu.

Habari za namna hii husomwa kila mwaka na husahauliwa kila mwaka. Huelezwa kama balaa la ghafla ambalo hakuna mja aliyeweza kulizuia. Lakini anayeitazama ramani ya Afghanistan pamoja na kalenda yake ataona kwamba hakuna jambo linalotabirika zaidi ya hatari ya majira ya machipuko katika nchi hiyo. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini nchi inayolia kiu kwa miezi mingi huzama kwa maji katika wiki chache, na kwa nini kila mara watu hukutwa hawajajiandaa.

Jibu la kwanza limo katika umbile la nchi yenyewe. Afghanistan ni nchi kavu iliyokatwa katikati na safu za milima ya Hindu Kush, ambayo kilele chake kirefu zaidi nchini humo, Noshaq, kina urefu wa mita 7,492. Kabul, mji mkuu, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 na hupata karibu milimita 300 tu za mvua na theluji kwa mwaka. Kwa kulinganisha, Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Katika majangwa ya kusini magharibi, kiwango hicho hushuka chini ya milimita 100. Pepo za masika zinazotoka Bahari ya Hindi hugusa ukingo wa mashariki tu wa nchi. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mifumo ya hewa inayotoka upande wa Bahari ya Mediterania wakati wa baridi, nayo huanguka milimani kama theluji. Theluji hiyo ndiyo bwawa kuu la taifa, bwawa ambalo halikujengwa na mtu na ambalo lango lake hakuna awezaye kulifunga.

Lango hilo hufunguka katika miezi ya Machi, Aprili na Mei. Wakulima wa Afghanistan huihesabu miezi hiyo kwa kalenda ya jua, na kuiita Hamal, Sawr na Jawza, majina ambayo msomaji wa Kiswahili aliyegusa elimu ya falaki atayatambua mara moja kama buruji za Hamali, Thauri na Jauza. Ni majira yasiyo na ahadi. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu mazito hukusanyika juu ya vilele na kumwaga mvua ya mawe, na usiku baridi hushuka hadi kugandisha maji. Mkulima wa lozi katika mkoa wa Daykundi anaweza kulala akiwa na mashamba yaliyochanua na kuamka akakuta maua yote yameungua kwa baridi. Mvua inayonyesha juu ya theluji huiyeyusha kwa kasi, na maji ya siku nyingi hushuka bondeni kwa saa chache.

Hatari hizo hufuatana kama vituo vya safari moja. Mwishoni mwa majira ya baridi huja maporomoko ya theluji. Mwezi Februari 2010 yaliwaua zaidi ya watu 160 katika njia ya Salang, inayounganisha Kabul na mikoa ya kaskazini, na mwezi kama huo mwaka 2015 yaliua idadi inayokaribia hiyo katika mkoa wa Panjshir. Ardhi inapolowa, huja maporomoko ya udongo. Mei 2, 2014, mlima ulimomonyoka katika kijiji cha Ab Barak, wilaya ya Argo, mkoani Badakhshan. Majirani walikimbilia huko na sepetu zao kuwaokoa waliofukiwa, na poromoko la pili likawafunika wao pia. Umoja wa Mataifa ulithibitisha vifo visivyopungua 350, huku maofisa wa mkoa wakihofia kwamba waliobaki chini ya udongo walizidi 2,000. Hatimaye mahali hapo palitangazwa kuwa kaburi la pamoja. Kisha, Aprili na Mei, huja mafuriko ya ghafla kama yale ya Baghlan.

Jibu la pili linahusu uhusiano wa ukame na mafuriko. Wengi huyaona mambo hayo mawili kuwa kinyume, kana kwamba moja likija jingine huondoka. Nchini Afghanistan ni watoto wa baba mmoja. Ardhi iliyokaa miaka mitatu bila mvua ya kutosha hukauka na kugandamana juu kama ukoko, na mvua kubwa inapoipiga huteleza badala ya kunyonywa. Wakati wa ukame mifugo hula nyasi hadi mizizi, na familia isiyo na fedha za kununua kuni wala makaa hukata kichaka chochote kilichobaki ili isife kwa baridi. Misitu ya pistashio iliyokuwa imeshika udongo wa vilima vya kaskazini imepungua mno katika miongo ya vita na umaskini. Katika mikoa ya kaskazini mashariki, udongo wenyewe ni laini kama unga ulioletwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Mvua ambayo zamani ingelowesha malisho sasa huubeba mlima na kuushusha kijijini.

Mabadiliko ya tabianchi yamezidisha kasi ya mzunguko huo. Wastani wa joto nchini Afghanistan umepanda kwa takriban nyuzi 1.8 za Selsiasi tangu katikati ya karne iliyopita, ilhali mchango wa nchi hiyo katika gesi zinazochafua anga ya dunia haufiki hata sehemu moja kwa mia. Joto likipanda, sehemu ya theluji hunyesha kama mvua, na iliyobaki huyeyuka mapema. Mwaka 2025, kituo cha utafiti wa milima cha ICIMOD chenye makao yake mjini Kathmandu kiliripoti kwamba theluji iliyodumu ardhini katika ukanda wote wa Hindu Kush na Himalaya ilikuwa chini kuliko wakati wowote katika miaka 23. Kwa mkulima, maana yake ni maji mengi yasiyotakiwa mwezi Aprili na mfereji mkavu mwezi Julai.

Hata hivyo, mvua peke yake haiui watu 300. Ni takriban asilimia 12 tu ya ardhi ya Afghanistan inayofaa kulimwa, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo imo mabondeni, kando ya mito na makorongo. Mtu hujenga nyumba yake ya udongo karibu na mkondo kwa sababu mahali pengine hakuna maji wala shamba, na wala si kwa kutojua hatari. Hali hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya Pakistan, na baadaye Iran, kuwarejesha Waafghani kwa idadi kubwa. Anayerejea mikono mitupu hana uhuru wa kuchagua kiwanja.

Ikiwa watu hawawezi kuhama, kinachobaki ni kuwaonya mapema. Tume ya kimataifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba onyo la saa 24 tu linaweza kupunguza hasara ya dhoruba kwa asilimia 30. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliahidi kwamba kufikia mwishoni mwa 2027 kila mtu duniani atalindwa na mfumo wa tahadhari. Afghanistan iko mbali na lengo hilo. Vita vilikatiza kumbukumbu za vituo vyake vya hali ya hewa kwa miaka mingi, na mtabiri asiye na kumbukumbu ni kama nahodha asiye na dira.

Lakini ipo mifano inayoonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Katika vijiji vya milimani, shirika la makazi la Aga Khan, ambalo ni tawi la mtandao unaofahamika Afrika Mashariki kwa hospitali na shule zake, limewafundisha wanavijiji wa kujitolea kupima theluji na hali ya hewa kila siku na kutoa taarifa hatari inapokaribia. Vifaa vyake si vya gharama kubwa. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa, simu, na kipaza sauti cha msikiti kitakachowaambia watu wapande juu.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Tangu Taliban waliporejea madarakani Agosti 2021, hakuna fedha mpya za maana kutoka katika mifuko mikuu ya tabianchi, na miradi kadhaa ya mazingira iliyokuwa imepangwa ilisimamishwa. Wajumbe wa Kabul hawakualikwa katika mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa hadi Novemba 2024, walipohudhuria mkutano wa Baku kama wageni tu wa nchi mwenyeji. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini humo, ilikata misaada yake. Wanaotetea msimamo huo husema kuwa fedha zikitolewa zitaupa uhalali utawala uliowafungia wasichana shule. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijibu swali la mwanakijiji wa Burka. Kuta ndogo za mawe za kupunguza kasi ya maji na vituo vya kupima mvua vinaweza kujengwa kupitia mashirika, bila fedha hizo kupita katika hazina ya serikali.

Watawala wa Kabul nao hawawezi kukwepa lawama. Amri yao ya Desemba 2022 ya kuwazuia wanawake kufanya kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali, iliyopanuliwa Aprili 2023 hadi Umoja wa Mataifa, imedhoofisha huduma ileile inayohitajika wakati wa maafa. Katika jamii ambayo mwanamume mgeni haruhusiwi kuingia nyumbani, nani atamfikia mama aliyebaki na watoto wakati wanaume wako sokoni au mashambani? Aidha, utawala huo umeonyesha kwamba ukitaka unaweza kugharimia mradi mkubwa kwa mapato ya ndani. Mfereji wa Qosh Tepa, wenye urefu wa kilomita 285, umekuwa ukichimbwa tangu 2022 ili kuchota maji ya mto Amu Darya. Nguvu kama hiyo haijaonekana katika kuyalinda mabonde ya juu, ambako maji huua kabla ya kufika kwenye mfereji wowote.

Suala hili haliishii mpakani. Maji ya Hindu Kush huenda Iran kupitia mto Helmand, Asia ya Kati kupitia Amu Darya, na Pakistan kupitia mto Kabul. Mkataba wa mwaka 1973 uliipa Iran takriban mita za ujazo milioni 820 za maji ya Helmand katika mwaka wa kawaida, na mzozo kuhusu utekelezaji wake ulifuatiwa na mapigano ya mpakani Mei 2023. Uzbekistan na Turkmenistan zina wasiwasi kuhusu Qosh Tepa, na Afghanistan si mshirika wa makubaliano ya 1992 ambayo kwayo jamhuri za Asia ya Kati hugawana maji ya Amu Darya. Pakistan na Afghanistan hazina mkataba wowote wa mto Kabul. Majirani wote hao hubishana juu ya maji ya kiangazi, ambayo ni haba, na hawazungumzi vya kutosha juu ya maji ya machipuko, ambayo ni mengi. Ilhali kila tone linalozuiwa kwa miti na kuta za mawe katika bonde la juu ni tone lisiloua mtu Baghlan, na ambalo laweza kumfikia mkulima wa ng'ambo ya mpaka miezi miwili baadaye. Kupeana takwimu za theluji na za vina vya mito hakuhitaji utambuzi wa kidiplomasia, na hakuna upande unaopoteza kwa kufanya hivyo.

Theluji itayeyuka tena mwaka ujao, utawala wa Kabul utambuliwe au usitambuliwe. Wanaokaa chini ya milima hiyo wataendelea kuiomba mvua, kwa kuwa hawana riziki nyingine. Kinachoweza kubadilika ni muda kati ya ngurumo ya kwanza kilimani na tope kufika mlangoni, na kama katika muda huo kuna yeyote aliyepewa kazi na chombo cha kuwaambia watu wakimbie.