Kocha wa kikapu mtandaoni: kulea kinda bado kunalipa, uwanjani je?

Aprili 7, 2025, Florida walibeba ubingwa wa kikapu cha vyuo vya Marekani kwa kuifunga Houston 65-63. Nyota wao Walter Clayton Jr. hakuanzia Florida, alitokea Iona. Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard akatoka Belmont. Yaani nguzo tatu za timu bingwa zilipikwa kwenye majiko ya watu wengine.

Sasa ingia Hoops Dynasty, mchezo wa mtandaoni wa WhatIfSports ambao wewe ndiye kocha wa chuo na wapinzani wako ni watu halisi wenye timu zao. Humo mambo huenda kwa mwendo wa zamani: unasajili kijana wa sekondari, unampangia dakika za mazoezi, unamsubiri akomae.

Uamuzi mkubwa wa kwanza ni ulinzi: mtu kwa mtu, kanda, au kubana uwanja mzima. Wageni wengi huchagua kubana kwa sababu kunaonekana kutamu, mpinzani anapoteza mpira kila mara. Tatizo ni miguu. Kubana kunachosha na kunaleta faulo, kwa hiyo benchi lako lazima liwe na watu wanaocheza kweli, siyo wa kujaza viti. Una nafasi 12 tu za ufadhili. Ukibana, karibu zote ziende kwa wachezaji wepesi wenye pumzi. Ukicheza kanda, unaweza kuishi na watu wachache wazuri. Ndiyo maana anayesajili kwanza halafu akachagua ulinzi baadaye huumia: anakuwa na wachezaji wasioendana na kazi.

Halafu kuna kasi. Hapa wengi hukosea. Rusha sarafu mara 10, unaweza kupata kichwa mara 7 bila kushangaa. Rusha mara 100, kupata kichwa mara 70 ni muujiza. Mechi ni hivyohivyo: mashambulizi yakiwa machache, bahati ina nafasi zaidi. Timu dhaifu ipunguze kasi. Timu kali iongeze, isipokuwa kama benchi lake ni jepesi.

Virginia ya Tony Bennett ilienda kinyume, kali lakini ya polepole. Mwaka 2018 ikawa timu ya kwanza ya daraja la 1 kufungwa na ya daraja la 16 kwenye mashindano ya wanaume, 74-54 dhidi ya UMBC. Kusema kweli, pointi 20 huwezi kuzisingizia kasi peke yake. Na mwaka uliofuata, kwa mtindo uleule, Virginia wakawa mabingwa.

Ila ninachokitazama zaidi ni subira. Kwenye mchezo, kila kijana ana kiwango cha leo na nafasi ya kukua, na makocha wajanja hununua ile nafasi. Watanzania tunaujua mfano halisi. Hasheem Thabeet aliingia Connecticut 2006 akiwa mrefu kupita kiasi na mbichi kwenye ushambuliaji. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6 hivi. Msimu wa tatu wastani ulipita 13, ribaundi zaidi ya 10, timu ikafika nne bora, naye akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Miaka mitatu ya kusubiri ilirudisha faida yote.

Leo kocha angesubiri? Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa. Tangu Julai 2021 wanalipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliridhia vyuo viwalipe moja kwa moja, ukomo ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Ukimlea kinda miaka miwili, chuo chenye pesa kinaweza kumchukua wa tatu. Kwa hesabu hiyo, bora usajili mtu wa miaka 22 aliyekwisha iva.

Siwalaumu wachezaji, kina Thabeet walijaza viwanja bila mshahara. Lakini kijana mbichi kutoka Dar es Salaam au Juba ndiye anayekosa mlango hapo. Bennett mwenyewe, bingwa wa kulea, aliachia ngazi Oktoba 2024, wiki chache kabla msimu kuanza, akisema hafai tena kwa mazingira haya.

EA Sports walidokeza katikati ya 2025 kwamba kikapu cha vyuo kinarudi kwenye michezo yao. Toleo lao la mwisho lilitoka 2009, mwaka uleule Thabeet alipoondoka Connecticut. Wakiweka uhamisho kama ulivyo sasa, kocha wa kwenye skrini ataamka kila masika na timu nusu. Wakiuacha, watauza mchezo wa kikapu ambacho hakichezwi tena.