Jamaa na Maisha: Mali Bila Daftari



Ndugu msomaji, katika maneno yaliyozoeleka kubandikwa madukani pwani hii yetu, hakuna yanayosomwa na wengi na kufuatwa na wachache kama haya: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huyaandika kwa rangi nyekundu juu ya rafu, kisha deni la jirani akalitia moyoni, na bei aliyonunulia sukari akaiweka kichwani. Mwaka ukiisha, ukimwuliza amepata nini, atacheka na kusema, "Twamshukuru Mungu, twala." Kushukuru ni wajibu wetu sote. Walakini kula si dalili ya faida, kwani hata mwenye kula mtaji wake hushiba.

Mwezi huu twapenda kueleza namna ya kuandika na kusoma hesabu za biashara kwa mtu asiyesomea uhasibu. Wako wengi waonao kuwa elimu hii ni ya mabwana wa maofisini peke yao. Sivyo. Aliyejua kujumlisha na kutoa aweza kuifahamu, maadam yuko tayari kuandika lililo kweli, hata kama kweli hiyo haimpendezi.

Amri ya kuandika

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, nayo haikuja kueleza vita wala safari, bali deni. Imeamrisha kuwa deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi wake awe muadilifu, na mashahidi wawepo; tena watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Na jambo la kuzingatiwa sana ni kuwa mwenye kumtajia mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa, si yule anayedai. Hekima yake i wazi: mdaiwa akikiri kwa ulimi wake, hapana atakayesema kesho kuwa amesingiziwa.

Basi twaona kuwa daftari si dalili ya kutoaminiana kati ya ndugu na ndugu. Ni ulinzi wa udugu wenyewe.

Waliotegemea daftari la mwingine

Sisi watu wa Bagamoyo tuna sababu zaidi ya kulijua jambo hili. Katika karne ya kumi na tisa mji huu ulikuwa mlango wa misafara ya bara. Nguo, shanga na nyaya zilitoka hapa, pembe za ndovu zikarudi. Safari ilikuwa ndefu, na aghalabu bidhaa zilichukuliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja na wa hapa pwani. Tippu Tip, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, aliwezeshwa na Taria Topan wa Unguja. Hapa Bagamoyo alikuwako Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, ambaye jina lake lilidumu katika hospitali ya Dar es Salaam iliyoitangulia Muhimbili.

Katika biashara ya namna ile, mwenye daftari ndiye aliyekuwa na neno. Asiyeandika, akirudi pwani, huambiwa anadaiwa kiasi gani, naye hana la kujibu. Huko Unguja wenye mashamba ya karafuu walizama katika madeni ya rehani hata katika mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi yao isiwatoke. Bei ya karafuu ilikuwa na sehemu yake katika balaa hilo, na ughali wa mikopo pia. Lakini mtu asiyejua anadaiwa nini hawezi hata kujua kuwa anazama. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mfano wa mkaanga samaki

Tuache ya kale, tuchukue mfano wa leo. Tuseme Bi Fulani wa Dunda anataka kukaanga samaki na kuuza. Ana shilingi 500,000 zake mwenyewe, na kikundi chake cha akina mama kimemkopesha 300,000 bila riba. Jumla ana shilingi 800,000. Akanunua makarai, majiko, mabeseni na meza kwa 240,000. Zikabaki mkononi 560,000.

Mwezi ule alinunua samaki, mafuta, kuni, akalipa ushuru na usafiri, vyote kwa jumla ya shilingi 1,600,000. Katika hizo alilipa taslimu 1,500,000, na samaki wa 100,000 alikopeshwa na mwenye chombo. Aliuza kwa shilingi 1,900,000: taslimu 1,640,000, na 260,000 walikopa wateja. Akatoa 200,000 kwa matumizi ya nyumbani, na akalipa kikundi 100,000. Mwisho wa mwezi zilibaki bidhaa ambazo alizinunua kwa 90,000.

Bi Fulani akafungua kijaluba chake, akahesabu, akakuta shilingi 400,000. Akashika tama. "Nilianza kazi na 560,000 mkononi, leo ninazo 400,000. Nimepata hasara ya 160,000. Biashara hii haina baraka!"

Je, kweli amepata hasara? Hapa ndipo zinapohitajiwa hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza ni ya fedha taslimu, nayo huuliza: fedha zimeingia kutoka wapi, na zimetoka kwenda wapi? Alianza na 560,000. Ziliingia 1,640,000. Zikatoka 1,500,000 za biashara, 200,000 za nyumbani na 100,000 za deni. Zimebaki 400,000. Kwa hiyo hakuibiwa, wala hazikupotea.

Hesabu ya pili ni ya faida na hasara, nayo huuliza: kazi yenyewe imezaa nini? Hapa huandikwa mauzo yote, ya taslimu na ya mkopo, yaani 1,900,000. Hutolewa gharama ya vitu vilivyotumika. Alivyonunua ni vya 1,600,000, lakini vya 90,000 bado vipo, basi vilivyotumika ni vya 1,510,000. Kisha kuna uchakavu. Makarai na majiko yale ya 240,000 akikadiria yatadumu miezi 24, kila mwezi hula shilingi 10,000. Kwa hiyo 1,900,000 ukitoa 1,510,000 na ukitoa 10,000, hubaki 380,000. Hiyo ndiyo faida.

Angalia kuwa fedha za nyumbani hazikuingia katika hesabu hii, wala malipo ya deni. Kulipa deni si gharama ya biashara, ni kurudisha kilicho cha mtu. Na kula nyumbani si gharama ya kukaanga samaki, ni mwenye mali kuchukua katika chake. Wengi huyachanganya haya, wakadhani biashara imewaangusha, kumbe wameiangusha wao.

Hesabu ya tatu ni mizania. Neno hili ni la mizani, nalo lafanana na kitu chenyewe, kwa kuwa pande mbili hazina budi kulingana. Upande mmoja huandikwa mali yote iliyopo siku ile: fedha 400,000, madeni anayowadai wateja 260,000, bidhaa 90,000, na vyombo ambavyo sasa thamani yake ni 230,000. Jumla ni 980,000. Upande wa pili huandikwa ni ya nani mali hiyo. Kikundi bado kinadai 200,000, mwenye chombo anadai 100,000, jumla 300,000. Kilichosalia, 680,000, ndicho cha Bi Fulani mwenyewe. Nacho chapatikana kwa njia nyingine pia: mtaji 500,000, ongeza faida 380,000, toa 200,000 alizotumia nyumbani. Ni 680,000 vilevile. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, hesabu imesimama.

Hesabu ya kuandika kila jambo pande mbili ilikuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa Italia kabla ya Luca Pacioli kuieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Wahasibu wa dunia nzima wangali wakiifuata, kwani uwongo wa upande mmoja hudhihirika upande wa pili.

Faida iliyo mikononi mwa watu

Hata hivyo Bi Fulani asifanye haraka kufurahi. Wale wateja wa shilingi 260,000 wakikataa kulipa, faida ya 380,000 itashuka hadi 120,000. Naye amekwisha kutumia 200,000 nyumbani. Maana yake amekula 80,000 katika mtaji wake, na ile 500,000 aliyoanza nayo imekuwa 420,000. Miezi sita ya namna hiyo, na meza ya samaki itakuwa tupu, wala hatajua siku ilipoanza kufa.

Ndiyo maana twasema mwenye biashara awe na jicho kwa mambo mawili, faida na fedha. Aweza kuwa na faida akakosa fedha ya kununulia samaki wa kesho. Na aweza kuwa na fedha tele sandukuni, kumbe zote ni za watu.

Kusoma hesabu za wengine

Elimu hii hututumikia hata pale tusipokuwa wenye biashara. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo zake mikononi mwa watu watatu. Vikundi hivyo vimeingizwa katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, navyo hutakiwa kusajiliwa. Kufuli tatu hulinda fedha zilizomo, lakini haziwezi kulinda zilizokopeshwa. Siku ya kufungua sanduku usiulize tu, "Zimo ngapi?" Uliza pia, "Zilizo kwa watu ni ngapi, kwa nani, na muda wake umepita kwa kiasi gani?"

Kadhalika vijana na akina mama waombao mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chenye daftari la miezi sita kina la kuonyesha, na chenye maneno matupu hakina.

Na mabenki hutangaza hesabu zao magazetini kila robo ya mwaka. Ukizisoma utakuta jambo la kushangaza: amana uliyoiweka wewe imeandikwa upande wa madeni, na mikopo waliyowapa watu imeandikwa upande wa mali. Usishangae. Fedha yako ni deni juu ya benki, kama samaki wa mwenye chombo walivyokuwa deni juu ya Bi Fulani. Utazame mstari wa mtaji, kwani huo ndio ukuta unaozuia hasara isiwafikie wenye amana. Mwezi wa Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji. Mstari huo si pambo la karatasi.

Zaka na mirathi

Zaka ya biashara haiwezi kutolewa kwa kukisia. Mwenye bidhaa, mwaka wa Hijria ukitimia, huzithamini bidhaa zake kwa bei ya siku hiyo, akajumlisha na fedha alizo nazo, na kadhalika madeni anayotumaini kulipwa. Makarai, majiko na meza hayaingii, kwa kuwa hayakuwekwa kwa kuuzwa. Jumla ikifika nisabu, ambayo kwa hesabu ya wanavyuoni wengi wa zama hizi ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutoa moja katika arobaini. Katika suala la kupunguza madeni anayodaiwa, wanavyuoni wamekhitalifiana, basi na amwulize sheikh wake. Lakini sheikh naye atamwuliza, "Unadaiwa kiasi gani?" Asiye na daftari atajibu nini?

Na lililo zito kuliko yote ni mauti. Mtu akifa, mali yake haigawiwi mpaka yatolewe ya mazishi, kisha madeni yalipwe, kisha wasia utekelezwe. Hapo ndipo warithi hupata mafungu yao. Ikiwa marehemu hakuandika, mjane huulizwa asilolijua, watu huja na madai yasiyo na shahidi, na waliokuwa wakidaiwa na marehemu hunyamaza. Haki ya yatima hutoweka katikati ya msiba, bila mwizi kuonekana. Baba aliyetaabika miaka thelathini kwa ajili ya wanawe, na asiwaachie ukurasa mmoja wa maandishi, amewaachia ugomvi.

Basi ndugu zangu, daftari la mistari halina bei kubwa. Andikeni tarehe, jambo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na jina la mdai au mdaiwa. Kila jioni dakika kumi, na kila mwisho wa mwezi hesabu tatu. Nanyi vijana mliosoma, msiache wazee wenu wakihesabu kwa vidole. Keti na mama yako ukumbini baada ya Isha, mwulize aliuza nini na nani amekopa, umwandikie kwa uadilifu. Na yeye ndiye akutajie, wala usimwandikie usilolisikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuwezeshe kujihesabu kabla hatujahesabiwa. Amin.