Kikwembe cha Holandi

Sokoni Kisangani mwuzaji akisema, "Hiki ni cha Holandi," mashauri yamekwisha: mama anafungua mfuko wake. Haulizi pamba yake ililimwa na nani.

Basi, wazee wetu waliilima. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu wa vijiji kulima pamba, aliyekataa alifungwa. Kampuni ya Cotonco, iliyoundwa mwaka 1920, iliinunua kwa bei ambayo mkulima hakuwa na neno juu yake. Huko Uele watu waliibeba kichwani mpaka penye mizani. Kisha gari-moshi la Vicicongo mpaka Aketi, mashua mpaka Léopoldville (ndiyo Kinshasa), reli mpaka Matadi, meli mpaka Antwerpen. Pamba iliondoka kwa senti, nguo ikarudi kwa faranga.

Na hicho cha Holandi, mnakisifu kwa nini? Kiwanda cha Vlisco kilianza mjini Helmond mwaka 1846, kikaiga batiki za watu wa Java. Hata maua yale siyo ya kwao!

Baadaye Kisangani ilipata kiwanda chake, SOTEXKI, kikachapa vitenge papa hapa. Nasi tukasema, "Ni cha hapa tu." Vita na barabara mbovu zimeharibu mengi, nakubali. Lakini dharau ile haikuletwa na vita.

Mama msomaji, safari ijayo umwulize mwuzaji pamba imetoka shamba la nani. Akikosa jibu, usimwongezee hata faranga moja kwa ajili ya jina.